Maelezo 84 ya sanaa ya kale: shajara ya tafsiri, Kifaransa hadi Kiingereza

8 Januari 2024. Kazi imeingia

Nimekubali kutafsiri maelezo 84 ya vitu vya kale vilivyomo katika makumbusho ya Ufaransa: sanamu za Misri, mitungi ya Ugiriki, mawe ya Mesopotamia, na vichache vya Wagalia (wenyeji wa Ufaransa ya kale) na Warumi. Kila maelezo ni aya moja au mbili, na chini yake mstari wa vipimo. Jumla ni maneno 15,200 ya Kifaransa. Malipo ni senti 6 za dola kwa neno, yaani dola 912, na muda ni wiki 10. Mteja ni mchapishaji mdogo wa vitabu vya wasafiri. Sharti lake ni moja tu: Kiingereza kisomeke kana kwamba hakikutanguliwa na Kifaransa.

Naandika shajara hii kwa sababu nilitafuta mtu wa huku kwetu aliyewahi kufanya kazi ya namna hii akaandika alivyoifanya, nikamkosa.

Nimezaliwa Lubumbashi. Kiswahili nilikipata nyumbani, Kifaransa shuleni, na Kiingereza nilikinoa hapa Arusha, nilikokuja miaka ile ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo lugha zake za kazi zilikuwa Kifaransa na Kiingereza. Tangu mahakama ilipofungwa mwisho wa 2015 ninaishi kwa mikataba, vyeti na ripoti. Katika tafsiri ya sheria kanuni ni fupi: usiongeze, usipunguze. Naamini itanivusha na huku.

Makadirio yangu: saa 1 kwa kila maelezo, na saa chache za kusoma tena. Naweka saa 90.

16 Januari. Mashine, na kwa nini nimeiacha

Ili kuokoa muda nilipitisha maelezo 10 ya kwanza kwenye programu ya kutafsiri. Nilidhani itanipa rasimu, nami nipige pasi tu.

Mtungi wa kwanza wa Kigiriki, shingoni, ulikuwa na "une frise de grecques". Programu ikaniletea msururu wa wanawake wa Kigiriki. Nilitazama picha mara mbili: hakuna mwanamke hata mmoja. "Grecque" ni ile nakshi ya mstari unaojikunja kwa pembe mraba, unaingia ndani, unatoka, unaendelea hadi uzunguke mtungi mzima. Kiingereza chake ni "meander" au "Greek key".

La pili lilinichekesha zaidi. Chombo cha Vix kilifukuliwa Januari 1953 katika kaburi la mwanamke huko Bourgogne: ni cha bronzi, cha kuchanganyia mvinyo na maji, kimo mita 1.64, uzito kilo 208, na kinajaa lita 1,100. Shingoni kina msafara wa "chars" na askari wa miguu. Programu iliandika "tanks". Sikuilaumu sana, maana kwa mtu aliyekulia Kongo "char" ni kifaru cha jeshi kabla hakijawa kitu kingine chochote. Hapa ni gari la vita la kukokotwa na farasi, "chariot".

Hayo yanaonekana kwa macho, na kosa linaloonekana halina hatari. Hatari ni yale yanayopita kimya. "Vernis noir" ilitoka "black varnish", na mimi mwenyewe niliipitisha, kwa kuwa vanishi naijua. Weusi wa mtungi wa Athens si vanishi. Ni udongo laini uliochujwa, ukapakwa kabla ya kuchoma, ukageuka mweusi pale fundi alipobana hewa ya tanuru. Waingereza wa fani hii husema "black gloss", na vitabu vya zamani "black glaze". "Pâte" ilitoka "paste", kama dawa ya meno, kumbe ni udongo wenyewe wa chombo, "clay". "Rehauts blancs" ni rangi nyeupe iliyoongezwa juu, na wao husema "added white", basi.

Kurekebisha yale 10 kumenichukua saa 14. La 11 nimelifanya kwa mkono kwa dakika 70. Mashine nimeiweka kando.

Badala yake nimetengeneza jedwali la istilahi lenye safu nne: neno la Kifaransa, neno la Kiingereza, namba ya picha, na mahali nilipoliona neno hilo likitumiwa na mwenye lugha yake. Safu ya nne ndiyo yenye thamani. Makumbusho ya British Museum na Metropolitan ya New York yameweka maelezo ya vitu vyao kwenye intaneti, na mtungi wa Athens ni mtungi wa Athens, uwe Paris au London. Natafuta chombo cha umbo lile lile, nasoma walivyokieleza. Kamusi inanipa neno. Hawa wananionyesha lipi husemwa. Mfano: kwa tumbo la mtungi, Kifaransa "panse", kamusi inasema "belly", na si kosa, ila kurasa nilizosoma nyingi zinaandika "body".

29 Januari. Misri, na maana tatu za "bas"

Maelezo 26 ni ya Misri. Hapa neno "bas" limenizungusha. "Bas-relief" ni mchongo uliojitokeza kidogo juu ya jiwe, na Kiingereza kimelichukua lilivyo. "Basse-Égypte" ni Misri ya kaskazini, kwenye delta, "Lower Egypt". Basi nilipofika "Basse Époque" mkono ukaandika "Low Period" bila kuniuliza. Ni "Late Period", miaka ya mwisho ya mafarao, hadi Aleksanda alipoingia mwaka 332 KK. Niligundua nilipokuwa nimeshaliandika mara tisa. "Ancien Empire" vilevile si "empire" yoyote kwa Waingereza. Wao husema "Old Kingdom".

Majina ya wafalme yamenigharimu siku mbili nzima. Kifaransa bado kinapenda majina yaliyopitia Kigiriki: Aménophis, Sésostris, Chéops. Kwa Kiingereza cha leo ni Amenhotep, Senusret, Khufu. Nilianza na Amenophis kwa kuwa sikulijua hilo, nikajirekebisha katikati ya njia, nikasahau kurudi nyuma. Matokeo yake mfalme mmoja alikuwa watu wawili, mmoja ukurasa wa 7 na mwingine ukurasa wa 15. Upande wa Ugiriki ni hivyo hivyo: Ulysse wa Kifaransa ni Odysseus kwenye maelezo ya mitungi. Unayenakili kazi hii, fanya orodha ya majina siku ya kwanza, kabla ya sentensi yoyote.

Kisha "pagne". Hili halikuwa kosa la kitaalamu, lilikuwa la moyoni. Kwetu pagne ni kikwembe, kile ambacho Tanzania mnakiita kitenge. Ni mama yangu, ni sare za harusi, ni akiba ya mwanamke ndani ya sanduku. Nikiona farao amevaa pagne namwona amejifunga kikwembe cha mama. Nikaandika "wrapper", nikafurahi nalo siku tatu. Wataalamu wa Misri wanaoandika Kiingereza wanakiita "kilt". Msomaji ataona Scotland kwanza, lakini ndilo neno lao, nami nimelifuata. "Wrapper" nimeliondoa mahali pote 17, shingo upande.

10 Februari. Vipimo: dola 60 zimekwenda

Sehemu niliyoidharau kuliko zote ndiyo iliyonitia hasara ya fedha.

Maelezo ya Kifaransa huandika H. kwa kimo, L. kubwa kwa urefu, l. ndogo kwa upana, Pr. kwa kina, Ép. kwa unene, D. kwa kipenyo. Tazama L. na l.: herufi moja, tofauti ni ukubwa tu. Jedwali langu lilikuwa limepangwa kugeuza herufi ya kwanza ya kila kisanduku kuwa kubwa. Upana wote ukawa urefu, kitu kimoja kikawa na urefu mara mbili.

Hilo nililiona mapema. Nisiloliona ni D. Kwa Mfaransa D. ni kipenyo. Kwa Mwingereza anayesoma orodha ya vipimo, D. ni kina, na kipenyo huandikwa Diam. Niliiacha D. ilivyo, kwa nini niiguse? Nikatuma maelezo 31. Mle ndani mlikuwa na sahani ya duara yenye "D. 32 cm". Sahani ya kina cha sentimita 32 ni pipa. Mpanga kurasa wa mteja ndiye aliyeshtuka, lakini kurasa zilikuwa zimeshapangwa. Nimekatwa dola 60 za kuzipanga upya. Sikubishana.

Siku hiyo hiyo nikaongeza jingine kwa haraka. Kifaransa huandika 53,7 kwa koma, Kiingereza 53.7 kwa nukta. Nikaamuru faili lote: kila koma iwe nukta. Vipimo vikanyooka, na kila sentensi ya kitabu ikavunjika vipande vipande. Nakala ya akiba ilikuwa ya siku nne nyuma. Nusu siku imepotea.

Sasa vipimo vinakaa kwenye faili lao peke yao, mbali na sentensi, na kila kipimo nakiandika kwa mkono nikiwa natazama picha ya kitu. Ni polepole. Hakuna kilichorudishwa tangu hapo.

24 Februari. Mwalimu

Mwalimu ni jirani yangu. Amestaafu, alifundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, na husoma kila karatasi inayopita mbele yake hata ile iliyofungia maandazi. Tumekubaliana shilingi 3,000 kwa kila maelezo. Jioni nilimpelekea 12, nikamwamkia, nikakaa kibarazani nikingoja sifa.

Akasoma kwa sauti: "Standing, the left foot forward, the god, dressed in a pleated kilt, holds in the right hand a sceptre today disappeared." Akavua miwani.

"Binti, hii ni hati ya mashtaka. Huyu mungu kafanya nini?"

Kifaransa chake kilikuwa hivi: "Debout, le pied gauche en avant, le dieu, vêtu d'un pagne plissé, tient de la main droite un sceptre aujourd'hui disparu." Kwa Kifaransa ni sentensi safi kabisa. Lugha hiyo hupenda kuandaa jukwaa kwanza: mkao, mguu, ndipo mwenyewe aingie, avishwe nguo, na kitenzi kifike baadaye. Mimi nilikuwa nimehamisha kila kipande na kukiweka mahali pake pale pale, kama nilivyofundishwa kufanya na maneno ya shahidi.

Na kweli ushahidi ulikuwepo. Karatasi iliyofuata ilisema "The vase testifies to the taste of the period." Mwalimu akauliza kama mtungi uliapishwa kwa Biblia au kwa Kurani. Neno la asili ni "témoigne". Nimeandika "témoin" na ndugu zake maelfu ya mara maishani, na kila mara alikuwa mtu aliyesimama kizimbani. Katika maelezo ya sanaa "témoigne de" ni "shows", na mara nyingine si kitu, unaliruka tu. Kuruka neno! Nilihisi kama naiba.

Kisha akaniambia nigeuze karatasi zisionekane. "Nisimulie hicho kitu kama unamwambia mtu kwenye simu. Kwa Kiswahili."

Nikasema: mungu kasimama, katanguliza mguu wa kushoto, kavaa kikwembe cha mikunjo; mkono wa kulia alishika fimbo ya enzi, ila fimbo yenyewe imepotea.

"Haya, andika hayo."

"The god stands with his left foot forward, wearing a pleated kilt. The sceptre he once held in his right hand is lost."

Nimeirudia sentensi hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani, na ni nyumba ya tatu tu.

Njia mpya ni hii. Nasoma Kifaransa hadi nikielewe, nakifunga. Natazama picha. Nakisema kitu kwa Kiswahili, kwa sauti, nikijirekodi kwenye simu. Naandika Kiingereza kutoka kwenye sauti yangu. Mwisho kabisa nafungua Kifaransa na kuhakiki kwamba hakuna taarifa iliyoanguka. Ile kanuni ya mahakamani haikufa, ila imehama kutoka mwanzo wa kazi kwenda mwisho.

Nimechapa picha zote 84 kwa rangi, shilingi 1,000 kila moja. Maelezo 41 niliyoyamaliza nayarudia.

Picha ya kwanza kuilipia gharama ilikuwa ya sanamu ya yule mwandishi wa Saqqara, Misri, aliyefukuliwa na mtafiti Mfaransa Auguste Mariette mwaka 1850: jiwe la chokaa lililopakwa rangi, kimo sentimita 53.7, macho yenye kioo cha mwamba yanayokutazama hadi uone haya. Wafaransa wanamwita "Scribe accroupi". "Accroupi" ni kuchutama, na mimi nilikuwa nimeandika "Squatting Scribe". Nilipomsimulia Mwalimu kwamba kachutama huku kakunjua mafunjo mapajani, akanikatiza: mtu aliyechutama ataweka karatasi wapi? Tukatazama picha. Hakuchutama. Amekaa kitako, miguu kaikunja kama watoto wa chuoni mbele ya sheikh. Kiingereza kimezoea kumwita "Seated Scribe". Jina la Kifaransa lenyewe halilingani na jiwe, nami nilikuwa nalifuata jina huku sanamu ikinikodolea macho.

9 Machi. Kiswahili nacho kina mitego

Niliisifu njia yangu mapema mno.

Kiswahili hakimtaji mwenye mguu: "katanguliza mguu wa kushoto" yatosha, nani atatanguliza mguu wa mwingine? Kifaransa nacho ni hivyo hivyo, "le pied gauche". Kiingereza kinataka "his foot". Lugha zangu mbili zilikuwa zimeungana dhidi ya ya tatu, na nilipohesabu nilikuta "the hand", "the head", "the hair" zaidi ya 60 zinazoning'inia bila mwenyewe.

La jinsia ni baya zaidi. Kwa Kiswahili "yeye" ni yeye tu. Kwa Kifaransa jinsia ni ya neno, si ya mtu: "la divinité" ni ya kike hata kama sanamu ina ndevu, na "sa main" haikuambii mkono ni wa nani. Mungu mmoja wa kiume nilimwita "she" aya nzima. Na "le sphinx" (kiumbe mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu) ni neno la kiume, lakini sphinx wa Wagiriki ana kichwa cha mwanamke. Nikampa "his wings". Yule mkubwa wa Tanis, Misri, aliyeko makumbusho ya Louvre, Paris, ni mfalme, huyo ni "he" bila shida. Sasa kabla ya kusimulia naandika pembezoni mwa picha kwa penseli: ke, me, mnyama. Penseli ya shilingi 200 imefanya kazi kuliko programu.

La "bois" nalo niliweke hapa ingawa kosa ni la Januari. Kuna nguzo ya mawe ambayo wenye mashua wa mto Seine waliisimamisha wakati wa kaisari Tiberio. Vipande vyake vilipatikana mwaka 1711 chini ya kanisa la Notre-Dame, na sasa viko Musée de Cluny. Jiwe moja lina mungu Cernunnos mwenye pembe za kulungu, na kila pembe imetundikwa mkufu mzito wa shingoni, "torc". "Bois" ni mti, ubao, msitu, na pia ni pembe za kulungu. Mara ya kwanza mwandishi alisema "bois de cerf" nikaelewa. Mstari wa nne akasema "bois" peke yake, nami nikatundika mikufu kwenye mbao. Mbao zipi? Hata sikujiuliza. Ni "antlers".

23 Machi. Wachoraji, wenye mali, na -ka-

Mitungi imekwisha. Nachukua matatu tu.

"Peintre de Berlin" hakutoka Berlin. Alikuwa Athens karne ya 5 KK, jina lake halisi halijulikani, na ameitwa hivyo kwa mtungi wake mmoja ulioko Berlin. "Painter of Berlin" inamfanya Mjerumani; sema "the Berlin Painter". "Peintre des Niobides" ni "the Niobid Painter", kwa chombo kilichopatikana Orvieto na kiko Louvre, ambacho upande mmoja Apolo na Artemi wanawapiga mishale watoto wa Niobe. Majina ya namna hii yameganda. Usiyatafsiri, yatafute.

"Provenance" ni rafiki wa uongo kuliko wote niliokutana nao, kwa sababu Kiingereza kina neno hilo hilo kwa herufi zile zile. Maelezo ya Kifaransa yakisema "Provenance : Cerveteri" yanasema kitu kilifukuliwa Cerveteri, mji wa Italia. Msomaji wa Kiingereza anatarajia mfululizo wa wenye mali: nani alikiuza, nani alikinunua. Nimeweka "Found at Cerveteri". Mstari unaofuata mara nyingi husema "Ancienne collection Campana". Hapo nilikuwa nimeona "ancien" la Misri mara nyingi hadi jicho limelala, nikaandika "Ancient Campana Collection". Campana alikuwa mkusanyaji wa Roma ambaye sehemu kubwa ya mali yake Napoleon III aliinunua mwaka 1861. Hakuna ukale wowote hapo. "Ancien" likitangulia nomino laweza kuwa "wa zamani" kama rais wa zamani. "Formerly Campana Collection". Lilikuwepo mara 11.

La tatu ni la furaha. Ushindi wa Samothrace, yule mwanamke wa marumaru mwenye mabawa aliyetoka kisiwa cha Samothrace, Ugiriki, ana historia ndefu, na mwandishi wa Kifaransa ameisimulia kwa wakati ujao: Mfaransa Champoiseau "découvrira" sanamu mwaka 1863, vipande "seront" hivi, bawa "sera" vile. Ni mtindo wao wa kusimulia yaliyopita. Kiingereza changu cha kwanza kilisikika kama utabiri. Nilipowasha simu nikaanza kusimulia, -ka- ikaja yenyewe: Champoiseau akaikuta mwaka 1863, akaipeleka Ufaransa, mwaka 1879 akarudi kisiwani akachukua na mawe ya kijivu, kumbe yalikuwa omo la jahazi analosimamia, bawa la kulia likatengenezwa kwa plasta kwa kuigiza la kushoto, mwaka 1950 ukapatikana mkono wa kulia, bila vidole. Kutoka -ka- hadi wakati uliopita wa Kiingereza hakuna hata hatua moja. Maelezo hayo, marefu kuliko yote, yalichukua dakika 50. Mwalimu hakuyagusa ila koma moja.

12 Aprili. Nimekabidhi, na hesabu

Nimetuma yote 84, wiki tatu na siku chache baada ya muda. Niliomba nyongeza mapema na mteja alikubali bila kukata kitu.

Saa: 171, badala ya 90. Kati ya hizo, saa 38 ni za kurudia yale 41 ya kabla ya Mwalimu. Mapato: dola 912, toa 60 za vipimo, zimebaki 852. Gharama: Mwalimu shilingi 252,000, picha 84,000, intaneti ya miezi mitatu 75,000, jumla 411,000, karibu dola 160. Ukigawa kilichobaki kwa saa, ni dola 4 na senti kidogo. Mkataba wa kawaida wa ofisi hunilipa zaidi. Maelezo 30 ya mwisho, hata hivyo, yalikwenda kwa wastani wa saa 1 na robo pamoja na kurekodi na kuhakiki, kwa hiyo safari nyingine bei yangu nitaijua kabla ya kusaini. Nitaomba senti 9, na vipimo vilipwe kando.

Mteja amerudisha maswali sita. Manne ni ya tahajia. La tano anauliza kwa nini nimeondoa "admirable" mahali pengi. Nimemjibu kwamba mwandishi aliliweka kwa vitu 22, na nimeliacha kwa vitatu, pamoja na yule mwandishi wa Saqqara. Hajajibu. La sita ni kipenyo cha ile sahani, anataka kuhakikisha.

Jedwali la istilahi lina maneno 312. Wiki hii nimeanza safu ya tano, ya Kiswahili, nikitoa maneno kwenye sauti zangu mwenyewe za simu: shingo, tumbo, masikio ya mtungi, omo, mikunjo. Yamefika 19. "Grecque" bado sijaipatia jina. Nikienda Tanga mwezi ujao nitawauliza wasusi wa mikeka.